Mfupa Unapokikubali Chuma

Mkwezi wa Msimbati, pwani ya Mtwara, hupanda peku, panga likiwa kiunoni, na minazi mirefu ya mwambao huu hufika mita 20 na ushee. Akiteleza kutoka huko juu, mchanga uleule ambao wageni huusifia kwa ulaini humpokea bila huruma. Kitakachovunjika kinategemea alivyotua: kisigino, nyonga, uti wa mgongo, au kifundo cha mkono aliojikingia. Kijana wa bodaboda anayerudi usiku kutoka Mtwara mjini naye ana mfupa wake wa kuvunja, na mara nyingi ni muundi. Papasa mguu wako sasa hivi, chini ya goti kwa mbele. Hakuna nyama pale. Kuna ngozi, halafu mfupa. Ndiyo maana muundi ukivunjika kwa kishindo, ncha yake hutoboa ngozi ikachungulia nje, na mchanga, nyuzi za suruali na vijidudu vikapata mlango wa kuingilia.

Sura hii inauhusu mguu huo. Ndani yake wanakutana wahusika watatu: mfupa uliovunjika, chuma anachokiweka daktari, na seli ambazo siku hizi hutajwa redioni na kwenye simu kana kwamba ni muujiza. Seli hizo ni seli shina. Nitasema mapema ninachokiamini, msomaji apime mwenyewe anavyoendelea kusoma: seli shina ni kweli, zinafanya kazi kweli, lakini hazifanyi kazi mahali pachafu, mahali panapochezacheza, wala mahali pasipofika damu. Na hayo matatu ndiyo yanayoamuliwa katika saa na siku za mwanzo, si maabara, bali barabarani kati ya Msimbati na hospitali.

Kwanza tuone kile ambacho mwili hufanya bila kuombwa na mtu. Mfupa ukivunjika, mishipa midogo ya damu iliyomo ndani yake hukatika. Damu huvuja na kuganda ndani ya saa chache, ikafanya donge linalozunguka zile ncha mbili. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba damu hiyo imevilia, ni mbaya, ikandwe itoke. Kumbe donge hilo ndilo mwanzo wa mfupa mpya. Seli za kinga huingia humo kusafisha vipande vilivyokufa, na huku zikisafisha hutoa kemikali za kuita. Wanaoitika wito ni seli shina: baadhi hutoka kwenye uloto, yaani ule ute ulio ndani ya mfupa ambao tunaufyonza tukila supu ya makongoro, na baadhi, tena nyingi, hutoka kwenye utando mwembamba unaoufunika mfupa kwa nje. Zinafika, zinagawanyika, zinaongezeka. Baada ya wiki mbili au tatu panakuwa na gegedu laini linalozishika ncha hizo. Kisha madini ya chokaa huanza kuingia, gegedu likawa mfupa mchanga, mnene, usio na umbo zuri. Mtu akiupapasa mguu wake wakati huo husikia kinundu. Miezi na hata miaka inayofuata, mwili hukichonga kinundu hicho taratibu mpaka mfupa urudi karibu na umbo lake la asili.

Jambo la ajabu ni kwamba mfupa ukiunga vizuri hauachi kovu. Ngozi iliyokatwa huacha alama mpaka kaburini, moyo ulioumia hujazwa na nyama ngumu isiyodunda, lakini mfupa hurudi kuwa mfupa. Siri yake ni hizo seli shina.

Seli shina ni seli ambayo haijachagua kazi. Seli ya msuli ni ya msuli, ya neva ni ya neva. Seli shina bado ina milango kadhaa mbele yake. Hizi za kwenye uloto zinaweza kuwa seli za kujenga mfupa, za gegedu, au za mafuta. Aliyezionyesha dunia ni mwanasayansi wa Kisovieti Alexander Friedenstein, ambaye katika miaka ya 1960 na 1970 alichukua uloto wa wanyama, akautandaza kwenye vyombo vya maabara, akaona baadhi ya seli zikijishikiza chini na kuanzisha makundi. Alipozirudisha mwilini mwa mnyama, zilitengeneza mfupa. Mwaka 1991 Mmarekani Arnold Caplan akazipa jina lililozienezea sifa duniani kote. Caplan huyohuyo alikadiria pia uhaba wake. Kwa mtoto mchanga, kati ya seli 10,000 za uloto moja ni seli shina ya aina hii. Kwa kijana ni moja kati ya 100,000. Kwa mtu wa miaka 50, moja kati ya 400,000, na kwa mzee wa miaka 80, moja kati ya milioni moja au mbili. Mtoto wa Msimbati aliyeanguka mwembeni huunga mfupa upesi, bibi yake aliyeteleza msalani huchukua miezi, na hesabu hiyo ni sehemu ya sababu.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha mambo yote haya. Seli shina haiamui peke yake itakuwa nini. Inapokea amri kutoka mahali ilipo. Stephan Perren, mtafiti wa mifupa aliyefanya kazi Davos, Uswisi, alieleza kwamba kila aina ya nyama huvumilia kiasi fulani tu cha kunyumbuka. Mfupa huvumilia asilimia 2 hivi, gegedu asilimia 10, na nyama ya nyuzinyuzi huvumilia zaidi ya hapo. Ncha za mfupa zikichezacheza mno, seli zilezile ambazo zingekuwa mfupa huishia kuwa gegedu au nyuzinyuzi, kwa sababu hakuna kingine kinachoweza kuishi pale. Si kwamba mwili umeshindwa, umetii mazingira. Mgonjwa huambiwa mfupa wake "umegoma kuunga", na akishika mguu wake katikati ya ugoko anaweza kuupinda kidogo mahali ambapo hapana kiungo. Nimeona watu wakifanya hivyo mbele ya wenzao kama kichekesho, na hapana kinachochekesha.

Waunga mifupa wetu wa jadi walilijua hili kwa mikono yao kabla ya Perren kuzaliwa. Wanafunga mguu kwa mabanzi ya mianzi au ya makuti, na kwa mfupa ambao haukutoboa ngozi wala kuhama mbali, mfupa huunga. Lazima tuwape haki yao. Panapoharibika ni pawili. Kwanza ni ukandaji wa kila asubuhi kwa mafuta na maji moto, ambao humpa mgonjwa faraja lakini hulivuruga donge na kuzitikisa ncha. Pili ni kufunga kwa kubana mno, mpaka damu isipite na vidole vikawa vyeusi; mguu ambao ungepona ukaishia kukatwa.

Halafu kuna kuku. Sehemu nyingi za Afrika, na huku kwetu pia, husimuliwa juu ya fundi anayemvunja kuku mguu siku anapomfunga mgonjwa, akamtibu pamoja naye, na siku kuku atakapokanyaga vizuri mgonjwa naye anafunguliwa. Hesabu haikubali. Mfupa wa kuku hushikana kwa wiki tatu hivi. Muundi wa mtu mzima huhitaji miezi minne mpaka sita. Anayefunguliwa kwa kalenda ya kuku anatembelea gegedu.

Hospitalini kuna njia tatu za kuutuliza mfupa, na kila moja watu wameipa jina lake. Kuna hogo, yaani plasta ngumu nyeupe. Kuna antena, vile vyuma vinavyochomoza nje ya mguu vikishikwa na fito, ambavyo ukipanda daladala kila mtu anakupisha. Na kuna chuma cha ndani: sahani yenye skrubu, au fito ndefu inayopitishwa katikati ya mfupa mahali pa uloto. Hiki cha mwisho ndicho kilichobadilisha maisha ya waliovunjika mapaja na miundi katika nchi yetu, na historia yake inastahili aya kadhaa.

Fito za namna hiyo kwa kawaida hufungwa daktari akitazama mashine ya eksirei inayoonyesha picha hai ndani ya chumba cha upasuaji. Hospitali nyingi za nchi zetu hazikuwa nayo, na nyingine mpaka leo hazina. Daktari wa mifupa Lewis Zirkle wa Richland, jimbo la Washington, Marekani, alibuni fito ambayo matundu yake ya skrubu hupatikana kwa kifaa cha kulengea kinachofungwa nje ya mguu, bila picha hai. Mwaka 1999 akaanzisha shirika la SIGN la kuzigawa fito hizo kwa hospitali za nchi maskini bila malipo, kwa sharti kwamba madaktari watume taarifa na picha za wagonjwa wao. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, ni miongoni mwa hospitali zinazozitumia kwa wingi.

Na MOI haikuishia kutumia tu. Billy Haonga na wenzake wa MOI, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walifanya jambo lisilo jepesi: waliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 240 wenye muundi uliovunjika na kutoboa ngozi, nusu wakapata fito ya ndani, nusu wakapata antena. Wakawafuatilia kwa mwaka mzima. Matokeo yalichapishwa 2020. Hali za wagonjwa 221 zilijulikana mwisho wa mwaka, na 44 kati yao walikuwa wamefariki au wamepatwa na tatizo lililowarudisha mezani: usaha wa ndani, mfupa kugoma kuunga, au kuunga ukiwa umepinda. Waliowekewa fito walikuwa asilimia 18 na wa antena karibu asilimia 22, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Fito ilisaidia zaidi katika kuunyoosha mfupa na kumrudisha mtu kwenye maisha yake mapema.

Isome tena hiyo 44. Mmoja kati ya watano. Hao walifika katika hospitali bora ya mifupa nchini, wakashughulikiwa na mabingwa. Fundi alikuwa stadi, chuma kilikuwa kizima, na bado mmoja kati ya watano aliingia matatani. Hapo ndipo swali la seli shina linapoacha kuwa hadithi ya magazeti likawa la kwetu.

Kabla ya kulijibu, tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa sana. Fito ya SIGN ni ya chuma kisichoshika kutu, na kazi yake ni kushikilia mpaka mfupa uunge. Mfupa haulazimiki kuung'ang'ania. Lakini kiungo bandia cha nyonga, au jino bandia linalochimbiwa kwenye taya, huishi kwa kushikwa na mfupa moja kwa moja. Mfupa ukikikataa, hulegea kama nguzo ya kibanda iliyosimikwa kwenye mchanga mkavu wa ufukweni, na kila hatua huzidi kuilegeza.

Kwamba mfupa unaweza kukikubali chuma kiasi hicho ni jambo lililogunduliwa kwa bahati. Mwaka 1952 huko Lund, Sweden, Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mwendo wa damu ndani ya mfupa wa sungura kwa kutumia kidude cha titani. Utafiti ulipokwisha alitaka kukichomoa akitumie tena. Hakikutoka. Mfupa ulikuwa umeota ukakikumbatia. Mtu mwingine angelaani hasara; yeye alianza kujiuliza. Mwaka 1965 alimwekea Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro ya taya, mizizi ya titani ya kushikilia meno. Larsson alikula nayo mpaka alipofariki mwaka 2006.

Titani hiyo, kwa taarifa yako, si mgeni wa mwambao wetu. Huchimbwa kutoka kwenye mchanga mweusi mzito wa pwani. Kwale, Kenya, uchimbaji ulianza 2013 na ukafungwa mwishoni mwa 2024. Ng'ambo ya Ruvuma, huko Moma, Msumbiji, meli zinapakia mpaka leo. Sehemu kubwa yake huishia kuwa rangi nyeupe ya ukutani. Kinachofika kwenye nyonga na mataya ya watu ni kidogo sana, na kikirudi kwetu kimeshapanda bei mara nyingi.

Ili mfupa ukikubali chuma, masharti ni yaleyale. Pale chuma kinapogusana na mfupa, kikicheza zaidi ya mikroni 150, yaani kama sehemu ya saba ya milimita moja, seli shina huweka nyuzinyuzi badala ya mfupa. Kukiwa na usaha, vijidudu hutanda juu ya chuma na kujifunika utando ambao dawa haziupenyi, na mara nyingi dawa pekee inayobaki ni kukitoa. Mgonjwa akiwa na kisukari kisichodhibitiwa, akivuta sigara, au akila ugali na mchuzi mtupu bila samaki, mayai wala maharage, seli hupungukiwa na damu na vya kujengea.

Basi, kwa nini tusiziongeze hizo seli? Jibu ni kwamba tumekuwa tukiziongeza kwa zaidi ya miaka mia bila kuziita hivyo. Mfupa ukigoma kuunga, daktari hukwangua vipande vya mfupa laini kutoka kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe na kuvipachika mahali palipogoma. Vipande hivyo vimejaa seli shina. Kipimo cha kila mbinu mpya ni hicho: je, inashinda mkwanguo wa nyonga? Ubaya wa mkwanguo ni kidonda cha pili, ambacho wagonjwa wengine hulalamika kinauma kuliko cha kwanza, na vipande havitoshi panapokosekana mfupa mwingi.

Aliyepiga hatua ya maana ni Mfaransa Philippe Hernigou wa hospitali ya Henri Mondor, Créteil, nje kidogo ya Paris. Badala ya kukwangua mfupa, alifyonza uloto kwa sindano nene kutoka kwenye mfupa wa nyonga, kidogo kidogo, kwa kuwa ukivuta nyingi mahali pamoja unapata damu tupu. Mililita 300 za uloto zikazungushwa kwenye mashine ya kutenganisha damu zikabaki 50 zilizokolea seli. Akachoma mililita 20 ndani ya mfupa uliogoma, kupitia ngozini, bila kupasua. Matokeo aliyoyachapisha 2005 yalihusu miundi 60 iliyogoma kuunga. Iliyounga ni 53. Kilichonivutia zaidi ni wale saba. Hernigou alikuwa amehesabu seli za kila mgonjwa. Waliopona walikuwa wamepata kwa wastani seli shina karibu 55,000 kila mmoja. Wale saba walipata kama 19,000. Walipungukiwa. Kwa mara ya kwanza daktari aliweza kusema si tu kwamba seli zinasaidia, bali kwamba chini ya kiasi fulani hazisaidii.

Kutoka hapo watafiti wa Ufaransa, Uhispania, Ujerumani na Italia, chini ya Enrique Gómez-Barrena wa Madrid, walisonga mbele: wachukue uloto kidogo, wazikuze seli maabara kwa wiki kadhaa mpaka zifike mamilioni, wazichanganye na chembechembe za madini yanayofanana na ya mfupa, kisha wazipachike. Katika wagonjwa 28 wa jaribio lao, 26 walionekana wameunga baada ya mwaka mmoja. Inapendeza, ila hapakuwa na kundi la kulinganisha, na bado haijathibitishwa kwamba njia hiyo inaushinda mkwanguo wa nyonga. Kwenye mataya, Darnell Kaigler na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha mwaka 2013 kwamba mashimo ya meno yaliyong'olewa hujaa mfupa upesi zaidi yakiwekwa seli za mgonjwa mwenyewe, tayari kwa kuchimbia jino bandia. Kuna pia wanaozipaka seli juu ya titani yenyewe kabla ya kuiweka mwilini. Kwa sungura, mbuzi na mbwa matokeo mengi yanatia moyo, hasa wiki za mwanzo. Kwa binadamu ushahidi ni mchache.

Kuna na fundisho la unyenyekevu. Ilidhaniwa kwamba seli zinazopachikwa hugeuka matofali ya mfupa mpya. Zilipofuatiliwa, nyingi zilikutwa zimekufa baada ya siku au wiki chache, na mfupa ulikuwa ukiendelea kujengwa. Inaelekea kazi yake kubwa ni kutoa ishara: kutuliza uvimbe, kuita mishipa ya damu, kuziamsha seli za wenyeji. Caplan aliyezipa jina 1991 aliandika mwaka 2017 akitaka libadilishwe, kwa sababu linawadanganya watu wakadhani ni mbegu za kiungo kipya. Si kila mwanasayansi anayekubali kulikana jina lililompa umaarufu.

Turudi Mtwara. Je, haya yanawezekana huku? Kukuza seli maabara, hapana, si kesho. Kunahitaji chumba safi kupindukia, umeme usiokatika kwa wiki nyingi, na wataalamu wa kukesha. Kuna kejeli katika hilo la umeme: gesi iligunduliwa Mnazi Bay, mbele ya Msimbati, mwaka 1982, na tangu 2015 inasafirishwa kwa bomba kutoka Madimba hadi Dar es Salaam, kilomita 500 hivi, ikazalishe umeme huko. Mgonjwa ambaye mfupa wake umegoma huifuata kwa basi.

Lakini njia ya Hernigou haina mahitaji ya kutisha. Sindano ya uloto, mashine ya kuzungusha, chumba cha upasuaji, daktari wa mifupa aliyefunzwa. Utaalamu wa uloto nao si mgeni tena nchini. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya damu, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza 2023 kuwapandikizia watoto wenye selimundu. Huo ni upandikizaji mgumu kuliko kuchoma mililita 20 kwenye ugoko. Kusini nasi tuna hospitali ya Ligula na ile mpya ya rufaa ya kanda, Mtwara. Ningependa kuona mtu akiijaribu huku, kwa kipimo kilekile cha haki ambacho MOI ilikitumia kwa fito na antena.

Wanaoweza kunufaika zaidi pengine si waliovunjika miguu. Tanzania huzaliwa watoto wenye selimundu wanaokadiriwa kuzidi 11,000 kila mwaka. Baadhi yao wakifikia ujana, kichwa cha mfupa wa paja hukosa damu, hufa, hubonyea, na kijana wa miaka 20 akaanza kutembea kama mzee. Kumwekea nyonga bandia umri huo ni mkopo, kwa kuwa atahitaji nyingine, na nyingine. Hernigou huyohuyo aliwafuatilia kwa miaka 20 hadi 30 watu 125 ambao vichwa vya mapaja yote mawili vilikuwa vimeanza kufa kutokana na dawa za steroidi. Upande mmoja alitoboa mfupa kuupunguzia shinikizo. Upande wa pili alitoboa na kuchoma uloto. Upande usio na uloto, nyonga 95 zilikuja kubadilishwa. Upande wa uloto, 30. Chanzo cha selimundu ni kingine na matokeo hayawezi kuhamishwa hivihivi, ila ingekuwa ajabu sisi, wenye wagonjwa wengi kiasi hiki, tusubiri Paris itujibie.

Wakati tunasubiri, kuna walioshafika. Katika miji yetu, Mtwara ikiwemo, vinauzwa vipakiti vya unga na vidonge vinavyodaiwa kuwa na seli shina za tofaa au za zabibu, kwa bei ya mshahara wa wiki kadhaa wa kibarua wa korosho. Muuzaji huwa ndugu au jirani aliyeingizwa kwenye mtandao wa kuuziana, na huuza kwa imani njema. Seli ya tofaa ikifika tumboni humeng'enywa kama tofaa lenyewe. Haiendi kwenye ugoko. Na hata ingefika, ni ya mti. Anayekuuzia dawa ya kuunga mfupa mwombe namba ya usajili wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Anayekuambia atakuchoma seli shina muulize zimetoka mwilini mwa nani, amezihesabu vipi, na ni hospitali gani imeruhusu. Asipojibu, ondoka na pesa yako.

Kwa mwenye mguu uliovunjika leo, fedha hizo zina kazi bora: nauli. Jirani yako akianguka mnazini au akigongwa, na mfupa umetoboa ngozi, usiurudishe ndani kwa mkono, usipake mafuta, majivu, wala kinyesi cha ng'ombe. Funika kidonda kwa kitambaa safi. Funga mguu pamoja na mbao mbili au fito, juu na chini ya palipovunjika, bila kubana; kila baada ya muda tazama vidole kama vina joto na rangi. Usiukande. Usimpeleke kwanza kwa fundi "akamtazame" mpaka kesho. Patzakis na Wilkins waliochunguza zaidi ya majeraha 1,000 ya namna hiyo Marekani walichapisha mwaka 1989 kwamba aliyepata antibiotiki ndani ya saa tatu aliambukizwa mara chache kuliko aliyecheleweshwa. Dawa hiyo ya sindano ni ya kawaida na bei yake si kubwa. Kutoka Msimbati hadi Mtwara mjini ni kilomita 40 hivi. Saa tatu zinatosha, safari ikianza mara moja.